Mgeni wa Kulipa

Lugha ya Kiswahili humwita mgeni mtu wa namna mbili. Yuko mgeni abishaye hodi jioni, na mwenyeji asiyemtazamia akaongeza maji katika mchuzi. Na yuko mgeni ashukaye katika gari mbele ya hoteli, jina lake limekwisha andikwa kitabuni na fedha zake zimekwisha pokewa. Wa kwanza hana haki ila ile apewayo na wema wa mwenyeji. Wa pili ana haki zote zilizomo katika mapatano, tangu upana wa kitanda mpaka saa ya chakula cha asubuhi. Wote wawili ni wageni kwa jina. Lakini yafaa kuuliza kama wote wawili ni wageni kwa hakika. Na kama huyu wa pili, kwa kulipa kwake, amenunua kile alichopewa wa kwanza, au amenunua kitu kingine kilichofanana nacho kwa sura tu.

Swali hili huonekana wazi sana katika hoteli za shamba za Uingereza zenye spa. Hoteli ya kituo cha reli huuza kitanda na mlango wenye ufunguo, na asubuhi mgeni akashika njia yake bila ya kutazamia zaidi. Hoteli ya spa huuza jambo zito kuliko kitanda. Huuza pumziko, huuza upole, huuza mguso wa mkono wa mtu juu ya mgongo wa mtu. Vitu hivyo ndivyo ambavyo wanadamu, kwa desturi, hupeana bila ya bei. Mama humpa mwana, mke humpa mume, jirani humpa jirani aliye mgonjwa. Ikiwa vitu hivyo vyaweza kupata bei na visipungue, basi hapana kitu duniani kisichoweza kuuzwa. Ikiwa hupungua, yafaa kujua ni kitu gani kilichopotea njiani baina ya mkono na mkono.

Biashara hii si changa. Neno spa lenyewe ni jina la mji mdogo wa Ubelgiji, ambao maji yake ya madini yalisifiwa kwa tiba hata jina la mji likawa jina la kila mahali pa namna hiyo. Katika mji wa Bath, magharibi ya Uingereza, chemchemi hutoa kila siku lita zaidi ya milioni moja za maji yenye moto wa nyuzi 46 hivi. Warumi walijenga hapo hekalu la mungu wa kike Sulis Minerva, na hamamu kubwa kando yake. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliopekua chemchemi hiyo walitoa vibamba vyembamba vya madini ya risasi vipatavyo 130, vilivyoandikwa na kutupwa majini na watu wa zama zile. Mtu angedhani kuwa humo mna sifa za maji na shukrani za waliopona. Sivyo. Vingi ni malalamiko. Huyu aliibiwa joho alipokuwa akioga, yule aliibiwa glavu zake mbili; nao humwomba Sulis amlaani mwizi, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mwungwana, asilale wala asipate afya mpaka arudishe mali ya watu. Hivyo miongoni mwa habari za kale kabisa zilizobaki za mtu aliyekwenda Bath kutafuta raha, nyingi ni habari za mtu aliyekasirika.

Baada ya karne nyingi, mji ule ukapata utukufu mpya. Katika karne ya 18 Richard Nash, aliyejulikana kwa jina la Beau Nash, alikuwa msimamizi wa adabu na burudani za wageni wa Bath. Aliwakataza mabwana kutembea mjini na panga viunoni, akaweka kanuni za mavazi na mwenendo. Nash alifahamu jambo moja ambalo vibamba vya risasi vilikuwa vimekwisha lishuhudia: kwamba maji ya moto peke yake hayampumzishi mtu aliyekuja na silaha. Sharti aiweke chini kwanza.

Hoteli za shamba zilizuka baadaye, na asili yao ina kejeli ndani yake. Nyingi zilikuwa majumba ya mabwana wenye ardhi. Baada ya vita kuu mbili za karne ya 20, kodi za urithi zilipozidi na watumishi walipopungua, wenye majumba hayo walielemewa. Mengine yalibomolewa, mengine yakawa shule, mengine yakawa hoteli. Mwaka 1925 Stanley Lief alifungua Champneys, karibu na mji wa Tring, katika jumba la namna hiyo, akawatibu watu kwa maji, kwa kukandwa, na kwa kuwanyima chakula kingi. Nao walilipa fedha nzuri ili wawe na njaa. Basi jumba lililokuwa la bwana mmoja likawa la kila mwenye fedha ya siku mbili. Mtumishi aliyeondoka kwa mlango wa nyuma alirudi kwa mlango ule ule, ila safari hii aliitwa mfanyakazi, na bwana wake alibadilika kila Ijumaa.

Utazamwe mwendo wa mgeni wa leo katika jumba kama hilo. Afikapo huulizwa afya yake kwa maandishi: habari za moyo, za damu, za viungo, na mahali pamuumapo. Amkini ni mara ya kwanza kwa mwaka mzima mtu kumwuliza juu ya maumivu yake na kungoja jibu. Kisha hupewa kanzu nyeupe ya taulo na sapatu za kitambaa. Vito huvuliwa, simu huwekwa kabatini, sauti hushushwa. Hakimu na mwuza magari, bibi tajiri na mwalimu aliyeweka akiba miezi tisa, wote hufanana kandokando ya bwawa, na hakuna awezaye kumtambua mkubwa kwa nguo. Ni usawa wa kupendeza, ijapokuwa una mpaka wake. Wenye kanzu nyeupe wako sawa wao kwa wao. Wenye sare, wapitao na taulo na birika za chai, hawamo katika usawa huo. Mara nyingi hao wametoka nchi za mbali, nao huvuka chumba kimyakimya kama watu waliofundishwa kutoonekana.

Juu ya hali hii wako wenye kusema kuwa hapana swali lolote la maadili. Husema hii ni biashara, na biashara ni njema. Adam Smith alifundisha mwaka 1776 kwamba chakula cha jioni hakitazamiwi kutoka kwa huruma ya mchinja nyama wala ya mwoka mikate, bali kutoka kwa haja yao ya kupata faida. Na kulipa kuna heshima yake. Mgeni wa bure ni mtumwa wa wema wa watu: hula asichokipenda, hucheka hadithi aliyoisikia jana, huamka mapema ili asionekane mvivu. Mgeni wa kulipa amewekwa huru. Hadaiwi neno na mtu. Akisema asante ni adabu. Asiposema, hesabu imekwisha lipwa.

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa na wale wapendao kusifu ukarimu wa kale. Ukarimu wa bure una uonevu wake. Nyumba nyingi zilizosifiwa kwa kuwapokea wageni zilisifiwa kwa jasho la wanawake waliokuwa jikoni, ambao hakuna aliyewauliza kama walikuwa na nguvu za kupika mara ya pili. Bei, kwa ubaya wake wote, walau hukiri kwamba kazi imefanyika.

Wako wengine waisimamao hoja ya upande wa pili. Kwao hoteli ya spa ni mahali ambapo moyo umetiwa katika mizani. Mwaka 1983 Arlie Hochschild, mwanachuoni wa Marekani, alitoa kitabu juu ya kazi ya hisia, akiwachungua hasa wahudumu wa ndege, ambao mshahara wao ulinunua pamoja na mikono yao tabasamu zao. Alionya kuwa mtu auzaye tabasamu siku nzima aweza kufika jioni asijue lipi ni lake na lipi ni la kampuni. Na kabla yake Immanuel Kant alikuwa ametenga, katika maandishi yake ya mwaka 1785, vitu vyenye bei na vitu vyenye heshima ipitayo kila bei: chenye bei huweza kupata badala yake, lakini chenye heshima hakina badala. Kwa kipimo hicho, upole ukiwekewa bei umekoma kuwa upole. Mgeni ameuziwa kivuli, naye mwuzaji ameumia kwa kukifanya.

Hoja zote mbili hukubaliana katika jambo moja: kwamba kilicholipiwa kimekwisha, na hakuna kilichobaki nje ya hesabu. Hapo ndipo zinapokosea zote mbili, na mfano mmoja watosha kuonyesha.

Achukuliwe mwanamke mjane, ambaye amemwuguza mumewe miaka miwili na kumzika. Watoto wake wamemlipia siku mbili katika hoteli ya shamba. Amekuja kwa kuwa hakutaka kuwavunja moyo. Saa nne za asubuhi amelala kifudifudi juu ya kitanda cha kukandwa, na mkandaji, msichana ambaye hakumjua kabla, ameanza mabegani. Mjane huyu hajaguswa na mtu kwa upole kwa muda mrefu. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ikigusa, ikigeuza, ikiosha. Ghafula analia. Msichana hasemi neno. Haiondoi mikono, wala haendelei kana kwamba hakusikia. Anaituliza tu mgongoni, mpaka pumzi imerudi. Kisha anamaliza kazi yake taratibu, akapitisha muda kwa dakika kumi ambazo zitamla muda wake wa kupumzika na kunywa chai.

Je, dakika zile kumi ziliuzwa? Kitabu cha hoteli hakina bei yake. Je, kimya kile kiliuzwa? Mwingine angaliweza kutimiza saa nzima ya kukanda, kwa mafuta yale yale na ustadi ule ule, na asitoe kimya kile. Na hakuna meneja ambaye angaliweza kumlaumu. Fedha ilinunua kazi. Juu ya kazi, pasipo kuitwa, kikaja kitu kingine. Hakikuja badala ya kazi wala kinyume cha malipo. Kilikaa juu yake, kama povu likaavyo juu ya maziwa, ambalo hupatikana kwa maziwa lakini halipimwi katika kibaba. Bei haikukiua kitu hicho. Wala haikukinunua.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana haja ya kwenda Uingereza ili kulifahamu jambo hili. Mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto katika siku zake arobaini, na ajaye kumkanda pengine si ndugu yake. Hulishwa, hupewa fedha, na mwisho hupewa doti ya kanga. Wajuao desturi wanafahamu kwamba fedha ni ya kazi, na kanga si ya kazi. Kanga husema: yako yaliyobaki ambayo hatuna kipimo chake. Mtu atakayeihesabu kanga katika ujira, akapunguza fedha kwa kuwa ametoa kanga, ameharibu vyote viwili. Na leo, ambapo hoteli za Unguja na za pwani ya Kenya nazo zina spa zao, na binti wa mkandaji wa wazazi huenda akawa anawakanda wageni waliotoka Ulaya, elimu hiyo ya fedha na kanga haijapitwa na wakati.

Lakini jambo moja sharti litangulie. Haki huja kabla ya ihsani. Hakuna awezaye kutazamia povu kwa aliyemnyima maziwa. Mfanyakazi aliyepunjwa mshahara wake akitabasamu, tabasamu lile ni hofu iliyovaa nguo za upole. Uingereza yenyewe ililazimika kutunga sheria mwaka 2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, ya kuwakataza waajiri kujizuilia bakshishi walizopewa wafanyakazi wao. Kwamba sheria hiyo ilihitajiwa ni ushahidi kuwa kanga iliyotolewa na mgeni haikufika kila mara kwa aliyekanda. Mgeni mwema basi haanzi kwa kuuliza kama amependwa. Huanza kwa kuuliza, walau moyoni mwake, kama wanaompokea wamelipwa.

Yamebaki ya mgeni mwenyewe. Na hapa ndipo penye hatari ambayo watu hawaitazamii. Mgeni wa kulipa amekuja kupumzika. Walakini malipo yamempa jicho, na jicho la mnunuzi halilali. Mtu aliyenunua kitambaa hukigeuza atafute kasoro. Ni haki yake, na ni busara. Aliyenunua pumziko naye huligeuza atafute kasoro. Maji ya bwawa yana joto lililoahidiwa? Mbona watu wa meza ile wamepelekewa chai kwanza? Kwa nini mlango wa chumba cha mvuke una mlio? Saa ya kukandwa ilikuwa ya dakika 60 au 55? Kila swali laweza kuwa la haki. Lakini yote pamoja yamemfanya mlinzi wa mali yake, na mlinzi hapumziki. Amerudi kuwa yule Mrumi kando ya chemchemi, mwili majini, macho kwenye joho.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliandika katika barua yake ya 56 habari za kukaa juu ya hamamu. Alieleza kelele zote: wanyanyua vyuma wakikoroma, kiganja cha mkandaji kikilia mabegani mwa mtu, wachuuzi wakinadi vyakula kila mmoja kwa sauti yake. Alisisitiza kuwa kelele ya nje si kitu ikiwa ndani mna utulivu, na kwamba kimya cha usiku hakimfai mtu ambaye tamaa na hofu zinapigana moyoni mwake. Kisha, mwishoni mwa barua, akakiri kwa uungwana kwamba hata hivyo ameamua kuhama. Ukiri huo una thamani kama mafundisho yaliyoutangulia. Mahali pana maana. Kimya ni kizuri kuliko kelele, na hakuna dhambi kulipia kimya. Lakini mahali huweza kuondoa kelele za nje tu. Za ndani hubaki na mwenyewe, na kelele kubwa kuliko zote za ndani ni ile ya mtu ahesabuye kama amepata haki yake yote.

Iko dawa moja tu ya kelele hiyo, nayo ni shukrani. Watu wengi hudhani shukrani ni deni, na kwa sababu hiyo mgeni aliyelipa hujiona hana haja nayo. Lakini shukrani si malipo ya pili juu ya malipo ya kwanza. Ni kule kutambua kwamba kilichopokewa kimezidi kilichodaiwa. Aaminiye kwamba kila kitu ni haki yake hawezi kupokea zawadi hata akipewa, kwa kuwa kila apewacho hukiandika katika safu ya yaliyolipwa. Mjane yule, kama angalikuwa na moyo wa namna hiyo, angaliondoka na saa moja na dakika kumi za kukandwa. Hakika aliondoka na zaidi. Tofauti haikuwa katika fedha za watoto wake wala katika mikono ya msichana, bali katika kujua kwake kwamba ametendewa wema na mtu.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu maneno hayo hutajwa kwa kicheko, kana kwamba ni njia ya kumfukuza mtu. Yana maana iliyo bora kuliko hiyo. Anayepewa jembe ameacha kuwa mzigo. Ameingizwa katika watu wa nyumba, jasho lake limechanganyika na lao, na tangu siku ile aweza kula bila ya kuona haya. Jembe ni heshima. Mgeni wa kulipa hapewi jembe kamwe, hata akikaa siku thelathini. Ndiyo bahati yake, na ndiyo huzuni yake pia: hukaa mgeni mpaka mwisho, akitumikiwa na watu asiowajua, katika nyumba isiyokuwa na mwenyewe.

Isipokuwa alitafute jembe lake mwenyewe. Wala si zito. Ni kujua jina la aletaye chai na kulitamka sawasawa. Ni kufika kwa saa iliyopangwa, kwa kuwa saa ya mkandaji nayo ni saa ya mtu. Ni kusema kasoro iliyopo kwa awezaye kuirekebisha, bila ya kumvunjia uso asiyekuwa na uwezo. Ni kutoa bakshishi bila ya kuifanya hatamu. Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Na kupokea nako ni moyo, ijapokuwa hilo husemwa mara chache. Afanyaye hayo hajaacha kuwa mnunuzi, wala hoteli haijageuka nyumba ya shangazi yake. Lakini asubuhi ya kuondoka, anapovua kanzu nyeupe na kuitundika, huenda akaona kwamba jicho lake lilisinzia kidogo, na kwamba kwa muda fulani, asiojua ulianza lini, alikuwa mgeni kweli.